Bi Somoe, Msoma Mita Aliyezipangia Zamu Pasi za Ufukoni

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, na Ufukoni, mtaa wa Mtwara, hakuna umeme. Bi Somoe Nambunga amesimama mlangoni kwa Halima, muuza vitumbua, akinyoosha kidole kwenye redio iliyo juu ya kabati.

"Hiyo umeizima?"

"Imezimika, dada."

"Umeizima wewe, au imezimwa na umeme?"

Halima anacheka kwa aibu na kurudi ndani. Kweli, redio imeachwa vilevile, sauti juu, ili umeme ukirudi iimbe na mwenye nyumba ajue. Pasi nayo iko kwenye soketi, na kando yake kanzu nyeupe ya mume imetandazwa mezani ikisubiri sala ya Ijumaa.

Bi Somoe hamgombezi. Anauchomoa waya wa pasi kwa mkono wake, anaukunja vizuri na kuuweka mezani. "Taa ya ukumbini tu," anasema. "Ikiwaka, vuta tasbihi yako yote, tisini na tisa. Ndipo upige pasi."

"Nikimaliza tu?"

"Ukimaliza tu. Na usivute mbio, huna treni ya kuwahi."

Hii ni nyumba yake ya arobaini na tatu tangu alfajiri. Ana umri wa miaka arobaini na moja, amejifunga kitenge juu ya sare ya bluu iliyopauka mabegani, na begani ana mkoba wenye daftari, kalamu mbili na tochi. Kazi anayolipwa ni kusoma mita. Hii anayoifanya leo hailipwi na mtu yeyote.

Umeme umezimwa mji mzima tangu saa tatu, kwa makusudi, ili mafundi wabadilishe vichujio vya mafuta kwenye mashine za dizeli. Utarudi saa tano kamili. Ni saa mbaya kuliko zote katika wiki, kwa sababu ndiyo saa ambayo kanzu zote za Ufukoni zinangoja pasi.

Msimamizi wa kituo amekwisha kutoa neno lake, na amelisema mbele ya wafanyakazi wote. Mashine zikianguka leo, yaani zikizimika ghafla, kwa sababu ya laini ya Ufukoni, laini hiyo itakuwa inazimwa kutwa nzima mpaka kipuri cha mashine ya tatu, iliyoharibika, kifike kutoka Ulaya. Makadirio ni miezi mitatu.

Kwenye laini hiyohiyo ndiko iliko pampu inayosukuma maji ya Ufukoni yote. Inahitaji saa sita za umeme usiokatika ili ijaze tangi.

"Watu wanadhani nahangaikia umeme," anasema Bi Somoe, akiwa tayari anaelekea mlango wa jirani. "Mimi nahangaikia maji."

Mwandishi wa makala haya alikuja Mtwara Septemba hii ya 2004 kuuliza bei ya korosho. Alikuwa na tiketi ya kurudi Jumatano. Jumanne alimsikia mtu mmoja mjini akisema kuna mama Ufukoni anayewafundisha watu kuwasha umeme kwa tasbihi, akadhani ni mzaha wa kijiweni. Tiketi hiyo haikutumika.

Bi Somoe ni mtoto wa wakulima wa korosho na muhogo, upande wa nje ya Mtawanya. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Hamisi, fundi mwashi, wakahamia Ufukoni. Mwaka 1995 alipata kibarua cha kusoma mita, kisha mkataba. Leo analipwa shilingi 72,000 kwa mwezi na husoma mita themanini kwa siku, kwa miguu.

"Mwanzoni waume za watu walikuwa hawataki nipande juu ya viti vyao kuangalia mita," anakumbuka. "Sasa wananishikia kiti."

Mwaka 1998 mashine za umeme ziliyumba kwa wiki nyingi. Zilikuwa zikiwashwa, zinaanguka. Zinawashwa tena, zinaanguka tena. Pampu ikasimama siku tisa. Ufukoni ikarudi kwenye visima vya zamani, vile vya maji ya chumvichumvi vilivyochimbwa karibu na vyoo. Ugonjwa wa kuhara ukaingia mitaani.

Bi Somoe alikuwa na binti wa miaka mitatu aitwaye Mariamu. Alianza kuharisha Jumamosi jioni. Jumatatu alizikwa.

Anayasema hayo akiwa anatembea, bila kupunguza mwendo. Mwandishi akabaki kuhesabu naye nyumba.

"Miaka mingi niliilaumu mashine," anasema, walipofika kwenye nyumba ya arobaini na nane. "Mbovu, kuukuu, basi. Halafu siku moja nikajiuliza: hii mashine inaanguka kila inapowashwa. Inaangushwa na nini?"

Jibu, anasema, lilikuwa ukutani mwa kila nyumba aliyoingia.

Mita za huku bado ni zile za zamani. Nyuma ya kioo chake kuna kisahani chembamba cha bati chenye alama nyekundu ukingoni. Ukiwasha taa moja kinatambaa. Ukichomeka pasi, alama ile inapita mbio hata jicho linaikosa. Watu wameishi na sanduku hilo miaka kumi, wanalifuta vumbi siku ya Idi, na hawajawahi kulitazama.

Bi Somoe akaanza kuwatazamisha. Kila alipomaliza kuandika namba, alimwita mwenye nyumba, akamwambia awashe hiki na azime kile huku macho yakiwa kwenye kisahani.

Bwana Salumu, karani mstaafu wa bandarini, alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Alivuta stuli akakaa mbele ya mita yake saa mbili nzima, akimwamuru mkewe awashe na kuzima vyombo vya nyumba yote. Mkewe alimfuata Bi Somoe barabarani kulalamika: "Umeninyang'anya mume. Siku hizi anaongea na mita."

Lakini ni Bwana Salumu huyohuyo aliyegundua kuwa friji linakula umeme kwa vipindi hata likiwa limefungwa na hakuna aliyeligusa. Likipumzika, kisahani kinapoa. Likianza kunguruma, kinakimbia. "Kumbe linapumua," alimwambia Bi Somoe, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wa mtaa wake.

Ukitaka kujua kisahani kile kidogo kinakwenda kumgusa nani, huna budi kwenda kwa Zuberi.

Zuberi ni mwongoza mitambo katika kituo cha umeme, miaka kumi na moja kazini, mtu mpole anayezungumza kwa sauti kubwa kwa sababu ya kelele za mashine. Kwenye chumba chake kuna ukuta wa saa za chuma, za kupimia umeme. Katikati ipo moja kubwa yenye mshale mweusi, na kwenye elfu moja na mia saba pamepakwa mstari mwekundu kwa brashi.

"Umeme haulali ghalani," anaeleza. "Unaotengenezwa sasa hivi ndio unaotumika sasa hivi. Mama akichomeka pasi Ufukoni, mashine hapa inakunywa dizeli zaidi papo hapo. Akichomoa, inapunguza."

Mwandishi anakiri kwamba hakulijua hilo. Kwa umri wake wote alidhani umeme unakaa mahali fulani ukisubiri, kama maji tangini. Kumbe kila swichi ya Mtwara imeshika kamba, na mwisho wa kamba zote ni mshale huu mmoja. Mwandishi aliutazama kwa dakika nyingi, na hakuona haya kuutazama.

Mashine mbili zilizo hai zinabeba kilowati 1,700. Kwa siku ya kawaida mji unakula 1,300 hadi 1,400, kwa hiyo nafasi ipo. Tatizo ni pale umeme unaporudi baada ya kukatika.

"Watu wameacha kila kitu kimewashwa ili wajue umerudi," anasema Zuberi. "Redio, feni, pasi. Mafriji yote yamepata joto, yote yanataka kuanza pamoja. Ufukoni ina nyumba mia sita na arobaini zenye mita. Mimi nafunga swichi ya laini, yaani naiwasha, nyumba zote zinaniangukia kwa mara moja. Mashine inaguna, inazima. Naanza upya. Watu huko wanasema: shirika hili bure kabisa. Hawajui kwamba wao ndio wameizima."

Bi Somoe alimfuata Zuberi mwezi wa tano mwaka huu na wazo lake. Watu wazime kila kitu umeme unapokatika, waache taa moja tu. Taa ikiwaka, wangoje kidogo ndipo wawashe vingine, ili mashine ipate pumzi.

"Nikamuuliza, wangoje kiasi gani?" anasimulia Zuberi. "Akaniambia, dakika nne. Nikamwambia, Bi Somoe, nani Ufukoni anakaa na saa ya mkononi akihesabu dakika nne?"

Bi Somoe alikaa siku mbili na swali hilo. Kisha akapata kipimo ambacho aliamini kila nyumba inacho: tasbihi. Ukiivuta taratibu, punje zote tisini na tisa, ni dakika nne. Akapita nyumba kwa nyumba, wiki sita, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Taa ikiwaka, vuta tasbihi moja, ndipo uwashe.

Siku ya majaribio ikafika, mwezi wa saba. Zuberi akafunga swichi ya laini. Mshale ukapanda kidogo tu, ukatulia. Haikuwahi kutokea. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Zuberi akafungua chupa ya chai ajipongeze.

"Nilikuwa na kikombe mkononi," anasema. "Dakika ya nne ilipotimia, nilisikia mashine inaguna kuliko siku zote. Ule mshale sikuuona ukipanda. Niliuona umeshafika. Halafu kimya."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile Ufukoni walisikia wote, na mashine ndiyo iliyovunjika guu. Watu walikuwa wamekaa chini ya taa zao, tasbihi mkononi, wametulia kama walivyoambiwa, na walipofika punje ya mwisho wakainuka pamoja wakawasha. Zamani, angalau, baadhi walikuwa wamesahau pasi zao kwenye soketi na baadhi hawakusahau. Safari hii hakuna aliyesahau.

"Walinitii mno," anasema Bi Somoe. Sasa anaweza kucheka. Siku ile hakucheka. Msimamizi alimwita ofisini akamwambia kazi yake ni kusoma namba na kuziandika, si kuwahubiria wateja. Alirudi nyumbani, hakula.

Aliyemwokoa ni Modesta, Mmakonde wa kutoka Newala mwenye saluni upande wa juu, karibu na kanisa. Siku ya pili Bi Somoe alipita kusoma mita yake, akakuta namba zimesogea kidogo kuliko za majirani. Akamuuliza kwa nini.

"Mie hiyo tasbihi sina, mama, mie Nkristo," Modesta alimjibu. "Nlisema basi, n'tasali rozari yangu. Nlisali yote, na litania yake. Nlipomaliza nkakuta umeme mmeshaukata tena."

Bi Somoe anasema alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya kofia ya kukaushia nywele. Ufukoni nzima alikuwa amempata mtu mmoja tu aliyengoja kwa kipimo kingine, naye hakuiangusha mashine.

"Nikasema, Mola wangu, kumbe dawa ni kusali tofauti."

Akaigawa Ufukoni safu tatu. Safu ya chini, kuelekea pwani, wangoje tasbihi moja. Safu ya kati wasome Yasini, ambayo kwa msomaji wa kawaida ni robo saa. Safu ya juu, walipo Wakristo wengi, rozari nzima na litania, nusu saa hivi. Wasiojua kusoma Yasini wamsikilize jirani anayejua. Bwana Salumu, ambaye ni wa safu ya kati, husoma kwa sauti dirishani na nyumba saba zinamtegemea.

Kuna jambo ambalo hata Zuberi hakulifikiria mpaka alipoambiwa na Bi Somoe. Kanzu moja hupigwa pasi kwa dakika kumi. Kwa hiyo safu ya kati wakimaliza Yasini, pasi za safu ya chini zimeshapoa. Na safu ya juu wengi wao pasi yao ni ya Jumapili.

"Mimi nimesoma umeme chuoni miaka mitatu," anasema Zuberi. "Yeye ameusoma kwenye kuta za watu."

Ijumaa hii, saa tano kasoro dakika kumi, Zuberi anavuta kiti cha pili mbele ya ukuta wa saa na kumwambia Bi Somoe akae. Miaka tisa ameajiriwa na kituo hiki, lakini chumba hiki hajawahi kuingia laini ikiwa inawashwa. Msimamizi amesimama nyuma, mikono kifuani. Bi Somoe amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa ukweni.

Laini ya Chikongola inawashwa kwanza. Maduka na mafriji yake yanaunyanyua mshale kwa kishindo. Inafuata ya Mtawanya. Mshale unasimama kwenye 1,050.

"Zamu yako, Bi Somoe," anasema Zuberi, na anafunga swichi ya Ufukoni.

Mshale unatetemeka na kupanda kwa upana wa ukucha. Elfu moja na tisini. Hizo ni taa mia sita na zaidi, moja kila nyumba, zimewaka kwa pamoja katika kumbi zenye mwanga wa jua ambamo hakuna aliyezihitaji. Msimamizi anaishusha mikono.

Dakika ya kwanza inapita. Ya pili. Bi Somoe midomo yake inatembea. Naye anavuta tasbihi, ya vidole. Ya tatu. Zuberi safari hii hajagusa chupa ya chai.

Dakika ya nne haijatimia, mshale unaanza kusogea. Haukurupuki. Unapanda kidogo, unasita, unapanda tena, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Elfu moja na mia moja thelathini. Na sabini. Mia mbili.

"Hao ni watu wa safu ya chini," Zuberi anasema kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake. "Yule anayevuta haraka amemaliza. Huyu sasa ni yule anayetulia. Wote nawaona hapa."

Unafika 1,280, unasimama.

Mwandishi ameandika makala kwa miaka kumi na minne na si mwepesi wa kushangazwa. Lakini hapo aliiweka kalamu chini. Sala za watu asiowajua, katika nyumba asizoziona, zilikuwa zinapita mbele ya macho yake kwenye kioo cha saa. Hakuna polisi aliyewasimamia, wala faini. Kila mmoja alikuwa peke yake na waya wake, na angeweza kudanganya bila mtu kujua.

Bi Somoe amejiziba mdomo kwa mkono. "Nimewasomea mita miaka tisa," anasema, "sijawahi kuwaona."

Dakika ya kumi na mbili mshale unashuka kidogo. Pasi za safu ya chini zinamaliza. Ya kumi na tano unaanza kupanda tena, polepole vilevile. Yasini zinafika mwisho, moja hapa, moja kule. Kisha Zuberi ananyoosha kidole: mshale umeongezeka hatua moja nene. "Hapo wengi kwa pamoja. Ni wapi hapo?"

"Ni nyumba za Salumu," anajibu Bi Somoe bila kusita.

Elfu moja na mia nne kumi. Inafika zamu ya rozari, na safu ya juu inaupeleka mshale hadi 1,530. Mstari mwekundu uko kwenye 1,700.

Ghafla mshale unaruka. Unaruka vibaya, mara moja, hadi unakaribia kuugusa ule wekundu, na mashine chini ya sakafu zinaguna. Bi Somoe anasimama, kiti kinaanguka nyuma yake. Msimamizi anasogea kwenye swichi.

"Subiri, mkuu," anasema Zuberi. Mkono wake ameunyoosha kumzuia.

Mshale unayumba juu, unarudi nyuma, unateremka, na kutulia kwenye 1,580. Mlio wa mashine unarudi kuwa mmoja.

"Hiyo ilikuwa nini?" Bi Somoe anauliza.

"Hiyo ni pampu," anasema Zuberi. "Issa ameiwasha. Pampu ikianza hushtua hivyo, halafu inatulia. Imeshatulia. Maji yanakwenda tangini, dada."

Issa, mlinzi wa pampu, alikuwa ameambiwa angoje dakika arobaini. Yeye ni miongoni mwa wachache wenye saa ya mkononi, na alingoja dakika arobaini na moja, asije akalaumiwa.

Msimamizi wa kituo ni mtu wa maneno machache. Alikwenda kwenye ubao ulioandikwa ratiba ya kuzima laini, akafuta neno Ufukoni kwa kiganja cha mkono, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Jumatatu," alimwambia Bi Somoe, "usiende kusoma mita. Njoo ofisini."

Alichomwambia hiyo Jumatatu kitajulikana chini. Kwanza ni lazima yasemwe ya siku ileile jioni.

Saa kumi na mbili kasoro robo, baada ya saa sita na ushei, Issa alizima pampu kwa sababu tangi lilikuwa linafurika. Bi Somoe alikuwa uani kwake. Hamisi alifungua bomba na maji yakatoka kwa nguvu, kwanza mekundu kidogo, halafu meupe. Majirani walikuwa wanajaza ndoo na kuongea mambo mengine kabisa, nani anaoa, nani amerudi kutoka Masasi, kama watu ambao maji kwao ni jambo la kawaida.

Bi Somoe aliwaangalia. "Hivi ndivyo nilivyotaka," alisema. "Wasiyafikirie." Kisha akasema jambo ambalo mwandishi analiandika kwa ruhusa yake: "Mariamu angekuwa na miaka tisa. Angekuwa ndiye anayenichotea." Akalia, hakujificha, na hakuna aliyemnyamazisha. Hamisi alifunga bomba, ndoo ilikuwa imejaa.

Ufukoni haijapona kabisa. Mashine ya tatu bado haina kipuri. Wapo wenye pasi ambao bado hawasikii la mtu. Gesi ya Mnazi Bay inazungumzwa kila siku kwenye vibaraza, lakini mpaka leo dizeli ndiyo inayowasha mji, na mashine mbili zilezile ndizo zinazobeba. Bi Somoe anaomba gesi ije. Hata ikija, anasema, watu wajue kuzima.

Jumatatu msimamizi alimpa siku mbili kila wiki za kufanya kazi yake ya nyumba kwa nyumba, mshahara ukiwa uleule. Ameanza na Chikongola. Huko hakuna tabu ya pasi. Kuna mafriji ya maduka, na mwenye mengi kuliko wote ni Aminabai, ambaye familia yake imefanya biashara Mikindani na Mtwara kwa vizazi vitatu na hawaamrishwi kirahisi na mgeni wa dukani kwao.

"Alinisikiliza mpaka mwisho," anasema Bi Somoe. "Akaniambia, 'Somoe, mafriji yangu manne hayana dini.' Nikamwambia, wewe je, mama, huna tasbihi? Akacheka. Tutafika."

Mpango wake mwingine hauko kwenye mkataba. Anataka kila mwanamke wa Ufukoni aingie chumba cha Zuberi, kumi kumi, aone mshale ule kwa macho yake kama alivyouona yeye. Zuberi amekubali. Kundi la kwanza lilikwenda Alhamisi mchana, na ndani yake alikuwamo Bi Rehema, kikongwe wa miaka sabini na kitu, wa safu ya chini, anayeishi peke yake na taa mbili tu.

Zuberi aliwaonyesha mstari mwekundu, akawaeleza pasi na pampu. Wengine wakauliza maswali. Bi Rehema alisogea mpaka uso wake ukawa karibu na kioo.

"Na mie niko wapi hapo, nwanangu?" aliuliza.

Zuberi si mtu wa kudanganya wazee. "Taa yako moja, bibi, mshale huu hauwezi kuionyesha. Ni ndogo sana. Lakini imo. Yote unayoyaona hapa ni taa kama yako, nyingi."

Bi Rehema aliutazama mshale, mkono mmoja umeshika kidevu. Kisha akajifunga upya kanga yake na kuomba wampishe mlangoni. Wenzake walimwambia angoje gari la mafundi litakalowarudisha, jua ni kali na kutoka kituoni hadi Ufukoni kwa mwendo wake ni zaidi ya nusu saa.

"Siwezi kungoja," alisema. "Ukumbini nimeacha taa inawaka."

Akaenda kwa miguu.